Mavyaa, Gemu na Penalti za Jumamosi

Jumapili, Ukunda. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa uani kunatoka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Sina sauti. Bega linaniuma, ukucha wa kidole gumba umevunjika, na buibui langu la kazini liko ndani ya ndoo, maji ya tatu haya, tope bado halijatoka. Wenzangu wote wamelala baada ya chakula cha mchana. Mimi nimeshindwa kulala kwa furaha, basi nimekuja kuandika.

Nianze mwanzo nisije nikajichanganya.

Hoteli ninayofanyia kazi kule Diani hufungwa msimu wa mvua, na sisi wafanyakazi hupewa likizo tupende tusipende. Wiki ileile niliyoanza kukaa nyumbani, mavyaa wangu, Bi Mishi, aliteleza shambani kwake Munje akichimba mihogo, akavunjika mguu. Alitiwa plasta hadi gotini. Mume wangu Hamisi, ambaye ndiye mwanawe mkubwa, akamleta kwetu akae mpaka mfupa uunge.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo pahali pangu pa kusemea ukweli. Niliingiwa na hofu. Kwa miaka tisa ya ndoa mimi na mavyaa hatujawahi kukosana, lakini pia hatujawahi kuzungumza. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hamjambo? Hatujambo, alhamdulillahi. Halafu kila mtu anatazama miguu yake. Hamisi akiwepo, yeye ndiye daraja. Hamisi huondoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Siku tatu za kwanza tulikaa sebuleni kama wagonjwa wawili wanaosubiri kuitwa na daktari.

Siku ya nne nikachoka, nikawasha gemu.

Na hili nalo ni la kukiri: nina miaka thelathini na sita, ni mke wa mtu na mama wa mtoto, na napenda gemu. Mashine aliinunua Hamisi, akaichoka, mimi nikairithi. Sipendi za kupigana wala za magari. Napenda zile za hadithi, ambazo unakabidhiwa watu na maisha yao, na kila wakifika njia panda unaulizwa: afanye hili au lile? Huwa nacheza nyumba ikiwa tupu. Siku hiyo nilipunguza sauti hadi ya kunong'ona, nikakaa upande ili mavyaa asione vizuri.

Baada ya kama nusu saa nikasikia nyuma yangu, "Huyo mwanamke anakwenda wapi na mvua yote hiyo?"

Nikageuka. Mavyaa alikuwa amejivuta hadi ukingoni mwa kochi, mguu wa plasta juu ya stuli, macho kwenye televisheni.

Nikamweleza. Mwanamke huyo ana nyumba ya kulala wageni katika mji mdogo wenye stesheni ya treni. Anamlea mtoto wa marehemu dada yake, msichana wa miaka kumi na sita. Treni inakaribia kusitishwa na watu wanauhama mji mmoja mmoja. Majina yao yalikuwa ya kizungu na yalimshinda mavyaa, basi akawapa mengine papo hapo. Mwanamke akawa Mariamu, msichana akawa Halima. Mpaka leo sikumbuki vizuri majina yao ya asili.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunacheza pamoja. Mimi nikishika padi, kile kidude cha kubonyezea, na kumfasiria Kiingereza, yeye akiamua. Alikuwa mkali! Mariamu akiingia nyumba ya mtu na kuanza kuuliza maswali, mavyaa anauliza, "Mbona hawaamkii? Tafuta pa kuamkia." Nikamwambia hakuna pa kuamkia, mama, wameweka maswali tu. Akasikitika kwa dhati. Mzee mmoja wa pale stesheni alipokataa kutusaidia, mavyaa akasema, "Ana haki. Umemwingilia kama mwizi." Nilicheka mpaka padi ikaniponyoka, naye akacheka, na nikagundua kwamba nilikuwa sijui mavyaa ana pengo upande wa kushoto. Miaka tisa!

Nikawa naharakisha kazi za asubuhi. Nakuna nazi mapema, naweka mchuzi mekoni, halafu namkuta tayari ameketi, mtandio umefungwa vizuri, kama mtu anayekwenda mkutanoni.

Halafu tukafika mahali penyewe.

Halima alikuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba baba yake alikufa. Hakufa. Alimwacha, akaenda kuishi mji mwengine, na Mariamu analijua hilo. Siku moja, wakikunja mashuka, Halima anauliza: Baba yangu alikufa kweli? Hapo gemu inasimama na kukupa njia mbili. Mwambie ukweli. Nyamaza.

Mavyaa huchukua muda kuamua. Huuliza, hupima, hurudi nyuma. Mara hii nilikuwa sijamaliza hata kufasiri akasema, "Anyamaze."

"Una hakika, mama?"

"Anyamaze, nimesema."

Nikabonyeza. Kwenye pembe ya televisheni yakatokea maandishi madogo, kama yanavyotokea kila ukifanya uamuzi mkubwa. Akauliza yanasemaje. Nikamwambia: yanasema Halima atalikumbuka jambo hili.

Mavyaa akakunja uso. "Atalikumbukaje, na hajui kwamba amefichwa?"

Akasema amechoka, niizime.

Tuliimaliza gemu Jumatatu. Mwisho wake, treni ya mwisho inakuja, Halima anapanda na sanduku lake, Mariamu anabaki peke yake stesheni. Mavyaa aliomba chai tu.

Mimi nilitaka kujua ingelikuwaje kama tungelichagua ile njia nyengine. Jumanne, mavyaa alipojinyoosha baada ya adhuhuri, nikairudisha gemu pale penye mashuka nikachagua ukweli. Nikacheza siku hiyo na sehemu ya Jumatano kama mtu aliyeibiwa.

Treni ileile. Sanduku lilelile. Mariamu anabaki stesheni vilevile!

Nikaenda mtandaoni, nikakuta wachezaji wa nchi nyingine wakizozana kuhusu jambo hilohilo. Wapo waliojaribu kila njia. Wanasema mwisho ni mmoja, ufanye utakalo.

Nilikasirika kuliko inavyostahili kukasirikia mchezo. Labda kwa sababu ujanja huo naujua. Kazini kwangu mgeni akipiga simu siku ambayo vyumba vimejaa na kimebaki kimoja tu, tumefundishwa tumuulize: ungependa utulivu wa bustani au ungependa kuwa karibu na bwawa? Akisema bustani, nampa chumba kile. Akisema bwawa, nampa chumba kilekile, maana dirisha moja linatazama bustani na jengine bwawa. Mgeni anakuja akiwa amefurahi kwamba amechagua. Kumbe na mimi nilikuwa mgeni wa mtu.

Nilifikiria kumficha mavyaa. Niliona ni dhambi ndogo. Amefurahia wiki mbili nzima, nimharibie ya nini? Lakini jioni ya Jumatano, akichambua mchicha na mimi nikisaga nyanya, nikajikuta nimesema.

"Mama, nilirudia ile gemu. Nilimwambia Halima ukweli. Mwisho ni uleule."

Akaweka chini kisu. "Uleule?"

"Anaondoka vilevile."

"Basi hao watu ni matapeli," akasema, na akakasirika kwelikweli. "Wametuuliza maswali siku zote hizo, kumbe wameshamaliza kuandika! Si afadhali wangelituhadithia tu tukanyamaza tukasikiliza?"

Nikamwambia ndivyo nilivyoona na mimi. Tukawateta wale watengenezaji wa gemu mpaka mchicha ukaisha. Halafu akauliza, sauti imeshuka, "Hata kitu kimoja hakibadiliki?"

Nikafikiri. Ukweli ni kwamba kipo kimoja, ila mimi nilikuwa nimekipuuza kwa hasira. "Ukimwambia, anakasirika sana. Siku nyingi hasemi na Mariamu. Lakini pale stesheni, kabla hajapanda, anageuka na kumtazama. Tulivyocheza sisi hakugeuka."

Mavyaa akaokota jani moja la mchicha lililoanguka, akalipangusa vumbi.

Halafu akaniambia kuhusu Riziki.

Riziki ni wifi yangu, dada mdogo wa Hamisi. Anafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja kule juu Kwale, ana mume mwema na watoto wawili. Mimi namjua kama mwanamke mtaratibu, wa maneno machache. Sikujua kwamba alipokuwa shule alikuwa kipa. Mavyaa akasema kijiji kizima kilikuwa kikitoka kwenda kumtazama. Alipokuwa na miaka kumi na sita, mwalimu wake wa michezo alikuja nyumbani Munje. Kulikuwa na shule bara iliyotaka kumchukua, kumsomesha bure, acheze timu yao. Mwalimu alihitaji ridhaa ya mzazi tu.

Mavyaa alikataa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka ule. Hamisi alikuwa Mombasa akijifunza ufundi. Riziki ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia shambani na jikoni, na bara ni mbali, na watu watasema nini msichana akienda huko kuvaa kaptula. Akamwomba mwalimu asimwambie mtoto chochote. Na Riziki, aliyekuwa amesikia tetesi za shule hiyo, alipouliza, mama yake alimjibu kwamba mwalimu alipita tu kusalimia, na kwamba amemchagua msichana mwengine.

"Hakugusa tena mpira," mavyaa akasema. "Mimi nilifikiri ameukinai."

Miaka kumi na saba imepita.

Akaniangalia. "Ungelikuwa wewe, Mama Salma, ungelifanyaje?"

Wallahi, katika miaka tisa hajawahi kuniuliza mimi ningelifanyaje jambo lolote. Na hapa hapakuwa na pa kurudisha nyuma ujaribu tena. Nikafikiria hasira ya Hamisi. Nikafikiria kusema, mama, hayo yameshapita. Lilikuwa jibu rahisi, na la adabu.

Nikasema, "Sijui ningelifanyaje, mama. Ila ningelikuwa mimi ndiye Riziki, ningelipenda kuambiwa."

Alhamisi asubuhi akaomba simu. Nilimpigia Riziki, nikamkabidhi mavyaa, nikaenda jikoni na kufungua bomba la maji kwa nguvu ili nisisikilize. Nilipolifunga, alikuwa ameishikilia simu mapajani.

"Amekata," akasema.

Hamisi alipojua, alikasirika kama nilivyotabiri. Hakunipigia kelele, hana tabia hiyo, lakini alisema, "Jambo limelala miaka yote hiyo, nyinyi mmeliamsha kwa sababu ya gemu?" Ijumaa Riziki hakupokea simu ya mtu yeyote. Mavyaa hakula cha maana. Mimi nilijiona mpumbavu mkubwa wa pwani nzima, niliyeivunja familia ya watu kwa padi ya plastiki.

Jana Jumamosi, kama saa tisa alasiri, mvua imepumzika, nikasikia hodi.

Alikuwa Riziki na wanawe wawili. Hakuwa ametuarifu. Amevaa dera la kijani, macho yamevimba. Akapita moja kwa moja hadi mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Riziki akaketi sakafuni, kwenye mkeka, karibu na ule mguu wa plasta. Nikawaambia watoto watoke nje na Salma wangu, na mimi nikataka kutoka, lakini Riziki akasema, "Kaa, wifi. Nimesikia wewe ndiye uliyesema niambiwe."

Halafu akamgeukia mama yake. "Nataka kujua kitu kimoja. Mwalimu alisema nini? Si maana yake. Maneno yake."

Nilifikiri mavyaa atasema amesahau. Hakusahau hata neno moja. "Alisimama pale mlangoni, hakutaka hata kuketi. Akasema, Bi Mishi, nimefundisha miaka kumi na minane na sijaona mikono kama ya huyu mtoto. Akasema, wengine nawafundisha kudaka, huyu ndiye anayenifundisha mimi."

Riziki akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alipoondoa mtandio nikaona anacheka pia, vyote pamoja, kamasi na machozi na meno.

"Kwa hivyo nilikuwa najua kudaka!" akasema. "Wifi, umesikia? Nilikuwa najua! Miaka yote hii nimejiambia nilijidanganya. Kwamba watu walikuwa wananishangilia kwa kunionea huruma, mtoto aliyefiwa na baba. Hata mpira wa kwenye televisheni siwezi kuutazama, naona aibu. Kumbe nilikuwa najua!"

"Ulikuwa unajua," mavyaa akasema. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa kubaki peke yangu."

Riziki hakusema amesamehe. Napenda kuliandika hili kama lilivyokuwa. Alisema, "Mama, nimekasirika. Na nadhani kesho nitakasirika zaidi. Lakini hasira hii ni nyepesi kuliko ile aibu." Akaushika mguu wa mama yake, vidole vile vinavyochungulia nje ya plasta, akavisugua kama mtu anayepasha mtoto joto.

Hapo Hamisi akaingia kutoka kazini, na kofia yake ya ufundi kichwani. Akamwona dada yake, akasimama, hakujua aanzie wapi. Akasema kitu cha ajabu kabisa: "Riziki, unakumbuka hukuwahi kunidaka penalti ya kushoto?"

"Muongo mkubwa wewe!" Riziki akasema, na akasimama.

Sijui nani alileta mpira. Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja mdogo ambao haujajengwa, jana ulikuwa tope tupu. Tukaweka viti viwili vya plastiki kuwa goli. Riziki akakunja dera, akafunga kanga mbili kiunoni juu ya suruali yangu ya mazoezi, akatema mate viganjani. Mavyaa akabebwa pamoja na kiti chake hadi chini ya ukingo wa paa, magongo mapajani, akajitangaza kuwa refa.

Penalti ya kwanza Hamisi alipiga taratibu, kwa adabu. Riziki akaidaka kwa mkono mmoja, akamrudishia. "Piga kama mwanamume au nenda kaoge."

Ya pili akaipiga kwa nguvu, kushoto. Nilimwona wifi yangu, karani wa miaka thelathini na mitatu, mwanamke wa maneno machache, akiruka mzimamzima hewani na kuanguka kwenye tope kwa kishindo. Mpira ulikuwa kifuani kwake.

Hata sikumbuki nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba sauti haijarudi mpaka sasa.

Majirani wakatoka. Ya tatu akaipangua. Ya nne Hamisi akafunga, na mavyaa akalikataa bao, anasema amesogeza mpira karibu. Hamisi akabisha, mavyaa akamwonyesha gongo. Ya tano ikagonga kiti. Na mimi nikapewa zangu, nimevaa buibui langu, nikakosa zote na kuanguka mara mbili, moja kwenye bega hili. Watoto wa Riziki walisimama midomo wazi. Yule mkubwa alikuwa akimtazama mama yake kama anayemwona mgeni maarufu ameshuka mtaani.

Mvua iliporudi hakuna aliyekimbia.

Sasa mimi nakaa hapa na bega langu nalifikiria lile swali. Je, uamuzi wetu kwenye gemu zile una maana yoyote, au tunapangiwa chumba kilekile chenye madirisha mawili? Sina hakika. Bado nawaona watengenezaji wale walitulaghai, na ningelikutana nao ningeliwaambia. Riziki naye hawezi kurudi kuwa na miaka kumi na sita. Shule ile alikwenda msichana mwengine, au hakwenda mtu. Hilo halibadiliki hata mavyaa angekiri mara mia. Lakini jana nilimwona mtu akirudishiwa kitu chake mwenyewe, na aliyekirudisha alikuwa na njia mbili mbele yake, akachagua iliyomuumiza.

Nimeandika hapo juu kwamba wote wamelala. Si kweli tena. Simu imelia sasa hivi, ni Riziki kutoka Kwale. Anasema hawezi kuinua mikono hata kuchana nywele. Anasema pia kwamba wanawake wa ofisini kwao wana timu, hucheza Alhamisi wakitoka kazini, na kipa wao ameolewa Voi. Miezi mitatu wamekuwa wakilalamika mbele yake, naye akijifanya hasikii. Leo amempigia kapteni wao.

Ameniuliza glavu za kipa zinauzwa wapi hapa Ukunda. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kesho asubuhi nitazitafuta duka kwa duka.

Mavyaa amesikia kutoka chumbani. Ameshatangaza kwamba Alhamisi tunapanda Kwale sote, yeye na plasta yake, na kwamba atakaa nyuma ya goli, si pengine. Nimemwambia huenda wakafungwa mabao kumi, mama, ni miaka mingi hajacheza.

"Wafungwe ishirini," amesema. "Mimi nakwenda kumtazama."